WALIOTANGULIA NA WANAOFUATA: HABARI ZA WANAFUNZI WA ZAMANI NA MITIHANI, KUTOKA KIUNGANI HADI BOKO

Katika habari za elimu ya Afrika ya Mashariki yameandikwa mengi juu ya serikali, wamisionari na walimu, na machache mno juu ya kundi moja ambalo kazi yake haina daftari la mahudhurio wala mshahara: wale waliokwisha kutoka shuleni ambao hurudi kuwasaidia waliobaki. Wakaguzi wa shule hawakuwahesabu, na taarifa za mwaka zikiwataja huwataja kwa zawadi walizotoa siku ya sherehe. Hata hivyo, mtu akichunguza jinsi mtoto wa kawaida alivyoshinda mtihani wake, tangu zamani za Wajerumani mpaka leo katika vitongoji vya Dar es Salaam, aghalabu atamkuta nyuma yake mkubwa mmoja ambaye juzi juzi aliketi katika dawati lile lile. Makala haya yafuata habari za kundi hilo mpaka Boko, kando ya barabara ya Bagamoyo. Haja yake ni kuonyesha ya kuwa msaada huo ulipohama kutoka shule za bweni kwenda shule za kutwa ulibadili tabia yake, na ya kuwa kiini chake leo ni kazi ya lugha.

Lugha yenyewe yatoa ushahidi wa kwanza. Kutokana na kitenzi kufunza Kiswahili kimepata mwanafunzi, ambaye hufunzwa, na mkufunzi, ambaye hufunza. Na katikati yao yumo mkurufunzi, mtu ambaye bado yumo katika kujifunza kazi. Na kujifunza maana yake, kwa umbo la neno, ni mtu kujifunza nafsi yake. Katika chuo cha Kurani cha pwani watu hawa hawakutengwa kwa ukuta. Mwalimu alikuwa mmoja na watoto wengi. Aliyekwisha kuhitimu juzuu alimsomesha aliyekuwa katika alifu na bee, na aliyefanyiwa hitima hakukatazwa kurudi barazani kusikiliza wadogo wakisoma. Mwalimu alipata nafasi ya kupumua, na yule mkubwa akathibitisha alichokipata kwa kukisema mbele ya mwingine. Hapakuwa na jina maalumu la kazi hiyo, kwa kuwa haikuonekana kuwa kazi mbali na kusoma.

Shule za misheni zilikuta desturi hii na kuipa sura nyingine. Katika shule ya Kiungani, Unguja, iliyokuwa ya misheni ya Vyuo Vikuu vya Uingereza, vijana wengi walikuwa wamekombolewa utumwani, nao walitoka makabila mbalimbali ya bara. Mwaka 1887 A. C. Madan alichapisha kwa Kiingereza habari za maisha yao walizoziandika wenyewe. Waliomaliza hapo walipelekwa Magila, Masasi na kwingineko kuwa walimu, na mmoja wao, Cecil Majaliwa, alipewa upadri mwaka 1890. Kwa hiyo mwanafunzi wa zamani wa Kiungani alikuwa ndiye mlango wa Kiungani: yeye ndiye aliyemfundisha mtoto kijijini, akamwandaa, akamtuma pwani. Chuo hicho baadaye kilihamia Minaki, karibu na Kisarawe, na wazee wa upande wa kusini wa Dar es Salaam bado hulitaja jina lake kwa heshima.

Wajerumani nao waliianzisha shule ya serikali ya Tanga katika mwaka wa 1892, na wengi waliotoka katika shule za namna hiyo waliajiriwa ukarani na ualimu katika bomba na vijiji vya koloni. Ndipo lilipotokea gazeti la Kiongozi mwaka 1904, likipigwa chapa Tanga shuleni hapo. Kwa mchunguzi wa lugha gazeti hilo ni hazina ya nathari ya mwanzo ya Kiswahili kwa herufi za Kirumi. Lakini lilikuwa pia kamba iliyowafunga waliotawanyika: karani wa bara, aliyekuwa peke yake kati ya watu wasiojua kusoma, alisoma humo habari za wenzake. Ni vigumu kukuta mfano ulio wazi zaidi wa shule kuendelea kuwafundisha waliokwisha kuondoka.

Baada ya vita ya kwanza Waingereza waliujenga mnara wa mitihani ambao kila ngazi yake ilikuwa nyembamba kuliko ile ya chini. Mpaka kufikia miaka ya 1950 mtoto wa Tanganyika alisoma miaka minne, akachujwa. Akasoma minne ya shule ya kati, akachujwa. Kisha wachache wakaingia sekondari. Juu kabisa palikuwa na Makerere. Mnara wa namna hii hufanya kila aliyepanda kuwa mtu wa ajabu kwao, na hufanya jina la shule kuwa kama jina la ukoo. Tabora, Minaki na Pugu huku. Budo (1906) huko Uganda. Alliance (1926) huko Kenya: wazee wa shule hizo walijuana maofisini, wakaitana, wakasaidiana, na walipozitembelea shule zao walikuja na kombe, vitabu, na hotuba. Si haki kuvidharau vitu hivyo. Lakini yafaa kuulizwa ni kwa kiasi gani vilimsaidia kijana aliyekuwa na hesabu isiyofunguka usiku ule. Mzee wa shule alikuwa mbali. Alikuwa mfano wa kutazamwa, si mtu wa kuulizwa.

Yupo mmoja ambaye habari zake zavuka mpaka huo. Julius Nyerere alisoma Tabora kuanzia mwaka 1937, akaingia Makerere mwaka 1943, na akiwa huko akashinda mashindano ya insha ya Afrika ya Mashariki kwa insha juu ya hali ya wanawake. Mwaka 1946 alirudi Tabora, si katika shule yake ya zamani bali katika ile ya Mtakatifu Maria, akawa mwalimu. Na saa za jioni aliwafundisha watu wa mjini Kiingereza bila malipo. Wanaoandika maisha yake hulipita tendo hilo la jioni kwa sentensi moja, wakaharakisha kwenda Edinburgh na siasa. Kwa habari hizi lakini ndilo kubwa: mtu aliyekwisha kupanda mnara anarudi, anaketi na wasiopanda, na chombo anachowashirikisha ni lugha iliyompandisha.

Mashindano ya insha yenyewe yana historia inayowahusu wasomaji wa kurasa hizi kwa karibu. Kamati ya Lugha ya Nchi za Afrika ya Mashariki, iliyoanza kazi Dar es Salaam mwaka 1930, haikujishughulisha na kusanifisha tahajia peke yake. Iliendesha pia mashindano ya kuandika kwa Kiswahili, kwa tumaini la kupata waandishi. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa na idara ya elimu mwaka 1923, liliwapa waliotoka shuleni mahali pa kuonyesha kalamu zao. Twaweza kusema basi kwamba kwa muda fulani palikuwa na njia mbili za kushindana: moja ya mtihani, iliyokwenda kwa Kiingereza kadiri mtu alivyopanda, na moja ya uandishi, iliyokwenda kwa Kiswahili na kuwapokea hata waliotolewa katika ile ya kwanza. Shaaban Robert, ambaye masomo yake ya shule yalikoma Dar es Salaam mwaka 1926, alipita njia ya pili na kufika mbali kuliko wote waliopita ya kwanza.

Mabadiliko yaliyofuata uhuru yametajwa mara nyingi, na hapa yatosha kuyapitia kwa haraka. Mwaka 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia masomo yote ya shule za msingi. Sheria ya mwaka 1969 ikaziweka shule za misheni zilizokuwa zikipata ruzuku chini ya serikali. Mwaka 1971 Tanzania ikajitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika ya Mashariki, na mwaka 1973 likaundwa Baraza la Mitihani la Taifa. Katika sekondari vijana walipelekwa mbali na makwao makusudi, Msukuma asome Songea na Mmakonde asome Musoma, ili taifa lipate kuwa moja. Nalo kwa hakika lilisaidiwa. Lakini matokeo mengine ya mpango huo hayakutazamiwa. Mtu alimaliza shule mahali ambapo hakuwa na ndugu, akaondoka, asirudi tena. Wanafunzi wa zamani wa Ilboru, wa Mzumbe, wa Kibaha wakakutana Dar es Salaam, mamia ya maili wengine kutoka shule walizozikumbuka, na msaada wao ukabaki ule wa kombe na rangi ya ukutani.

Boko ilikuwa nje ya habari hizi zote. Yako mashamba ya minazi na mikorosho yaliyokumbukwa na wenyeji, bahari upande wa mashariki, na upande wa bara vilima vya mawe ya chokaa ambavyo kiwanda cha saruji cha Wazo kilianza kuvitumia mwaka 1966. Mji ulikuja baadaye, na ulikuja kwa kasi. Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu karibu milioni mbili na nusu katika hesabu ya mwaka 2002, ukawa na 4,364,541 mwaka 2012, na 5,383,728 mwaka 2022. Na sehemu kubwa ya watu hao walijenga pembeni, Tegeta, Boko, Bunju, Mbagala, Chanika, wakifuata viwanja kabla ya barabara, na barabara kabla ya shule.

Shule zilipokuja zilikuwa za aina mpya. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004 uliagiza kila kata iwe na sekondari yake, na kati ya 2005 na 2010 idadi ya sekondari nchini ilizidi mara mbili, ikapita 4,000. Walimu hawakuongezeka kwa mwendo huo. Serikali ikawachukua vijana waliomaliza kidato cha sita, ikawapa mafunzo ya mwezi mmoja, ikawapeleka darasani. Na watu, ambao hawakosi jina kwa jambo lolote, wakawaita walimu wa vodafasta, kwa mfano wa vocha ya simu iliyoingia haraka. Jina hilo lilikuwa la dhihaka, na kwa kiasi lilistahili. Hata hivyo wenye kucheka hawakutambua ya kuwa serikali ilikuwa imeitwaa desturi ya zamani, ya mkubwa kumsomesha mdogo, ikaivua kilichoifanya ifae, yaani mwalimu mzima wa kumsimamia yule mkubwa.

Kisha yakaja matokeo ya kidato cha nne cha mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013: zaidi ya watahiniwa 240,000, ambao ni kama sita katika kila kumi, walipata sifuri. Tume iliundwa, na mwezi wa Mei matokeo yale yakafutwa na kupangwa upya, idadi ya walioanguka ikapungua. Kupangwa upya kwa alama hakukubadili kilichoandikwa katika karatasi za majibu. Waliofadhaika zaidi walikuwa wa shule za kata, za kutwa, za pembeni, ambazo watoto wake hutoka nyumbani wasikosikia Kiingereza na kurudi nyumbani wasikosikia Kiingereza.

Ndipo yafaa kutazamwa mwanafunzi wa zamani wa Boko ni nani. Huyu si mzee aliye ofisini mbali. Shule yake ni ya kutwa. Alipomaliza hakuondoka, kwa sababu hakuwa ametoka popote. Yuko mtaa ule ule, anapita mbele ya lango lile lile akienda kisimani au dukani, na mtahiniwa wa mwaka huu ni mdogo wake, au mtoto wa jirani aliyemwona akitambaa. Kalenda nayo humpa nafasi. Aliyefanya mtihani wa kidato cha nne mwezi wa Novemba, akafaulu, hungoja hadi katikati ya mwaka unaofuata ndipo aingie kidato cha tano. Aliyefanya wa kidato cha sita mwezi wa Mei hungoja chuo kikuu hadi Oktoba au Novemba, kasoro miezi kama mitatu kwa wale wanaoitwa kambini na Jeshi la Kujenga Taifa, utaratibu uliorudishwa mwaka 2013. Hivyo kwa sehemu kubwa ya mwaka wamo mtaani vijana waliotoka mtihanini karibuni, ambao wamesahau kidogo na wana muda mwingi.

Wanachokifanya chaitwa kwa majina mengi. Kikifanywa kwa malipo ni twisheni. Kikifanywa kwa kundi la rika ni diskasheni. Maandishi yanayorithishwa kutoka mwaka hadi mwaka, yenye wino uliofifia na kona zilizokunjika, ni madesa. Anayesomesha haitwi mwalimu ila kwa nadra. Huitwa kaka au dada, au ticha kwa utani wa nusu na heshima ya nusu. Na mtoto ambaye asubuhi alisimama kumwambia mwalimu shikamoo, jioni humwambia huyu mambo. Tofauti hiyo ya maamkio ina maana. Mbele ya mwalimu wa shikamoo mtoto huona haya kusema hajaelewa kwa mara ya tatu. Mbele ya kaka hasemi hata mara ya kwanza, hukunja uso tu, na kaka hurudia.

Na hurudia kwa Kiswahili. Hapa ndipo kwenye uzito wa jambo lenyewe. Mtoto wa darasa la sita alifundishwa kwamba mmea hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, na kwamba jambo hilo ni usanisinuru. Alijua kutafuta kigawe kidogo cha shirika, akikiandika KDS, na alijua kipeuo cha pili. Akifika kidato cha kwanza vitu hivyo vyote hupotea, kwa maana hutokea kwa majina mengine ya Kiingereza, na hakuna aliyemwambia kwamba ni vile vile. Huanza kukariri upya kama mgeni kitu ambacho alikuwa mwenyeji wake. Mwanafunzi wa zamani, ambaye alipita mtego ule ule miaka minne nyuma, ndiye amwambiaye: hii si nyingine, ni ile KDS yako. Sentensi hiyo yaweza kuokoa muhula mzima. Kisha hutafsiri swali, hueleza jibu kwa Kiswahili, na mwisho, kwa kuwa msahihishaji hatasoma Kiswahili, humsaidia kulirudisha jibu katika Kiingereza kifupi kisicho na makosa mengi.

Tume ya Rais juu ya elimu, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia sekondari tangu 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Istilahi zilikuwa zikitengenezwa: Baraza la Kiswahili lilitoa vitabu vya Tafsiri Sanifu tangu miaka ya 1970, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikachapisha mwaka 1990 Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Wenye kudai kwamba Kiswahili hakijawa tayari kufundisha sayansi huzungumza kana kwamba jambo hilo bado halijaanza. Limekwisha kuanza zamani, jioni, barazani, kwa vinywa vya vijana wa miaka kumi na tisa, wala halikungoja waraka. Isipokuwa lafanywa bila kamusi ile mkononi. Kijana asiyejua kwamba neno kani liliwekwa kwa ajili ya nguvu ya fizikia husema nguvu, kisha akitaka kutofautisha nguvu na nishati na uwezo hukwama, huchora mchoro, husukuma kiti.

Yako madhara, na si ya kufichwa. Madesa hurithisha kosa pamoja na jibu, na kosa lililoandikwa kwa mwandiko mzuri huishi miaka mingi. Maswali ya mitihani iliyopita, yakikaririwa, hufundisha umbo la mtihani bila kufundisha somo. Na msaada ukishapata bei, mtoto asiye na shilingi mia tano hubaki nje ya ukuta akisikiliza. Wapo walimu wa darasani wanaowatazama vijana hawa kwa mashaka, na mashaka yao si wivu mtupu.

Lakini lililo zito kuliko hayo lahusu hesabu. Katika shule ya bweni iliyochagua walio bora, mwanafunzi wa zamani kwa kawaida ni mtu aliyeshinda. Katika shule ya kata ambayo wengi wake walianguka, aliyeshinda huondoka, kwa kidato cha tano cha mkoa mwingine na kisha kwa chuo. Anayebaki Boko mwaka wote, akiendesha bodaboda kituoni au akisaidia fundi, ni yule aliyepata sifuri. Naye ni mwanafunzi wa zamani kwa haki ile ile. Vyama vya wahitimu, ambavyo jina lao lenyewe lamhesabu aliyehitimu peke yake, havina nafasi kwake. Ajabu ni kwamba anajua kitu ambacho mshindi hakijui: ajua hasa mahali ambapo swali lilimwacha. Wako waliorudi kufanya mtihani kama watahiniwa wa kujitegemea, wakaketi katika kundi moja na wadogo zao. Na katika makundi hayo yule aliyeanguka mara moja ndiye mara nyingi aulizaye swali ambalo wengine wote walikuwa wakilificha.

Mashindano ya elimu yamefika huku pia, kwa uchache. Mashindano ya insha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na ya nchi za SADC huwaendea wanafunzi wa sekondari, na tangu mwaka 2011 upo mpango wa Wanasayansi Chipukizi Tanzania, ambao wanafunzi wawili wawili huchunguza jambo la mazingira yao na kulionyesha mbele ya waamuzi. Tofauti yake na mtihani ni kubwa. Mtihani hauulizi habari za Boko. Uchunguzi huanza na Boko, na vumbi la saruji juu ya majani ya mwembe, chumvi ya maji ya kisima kilicho karibu na bahari, mafuriko ya masika katika mabonde yaliyojengwa nyumba. Kwa kazi ya namna hiyo mwanafunzi wa zamani hana madesa ya kurithisha. Humsaidia mdogo wake kwa kuuliza tu: ulipima vipi, mara ngapi, na kama mvua ingenyesha siku ile ungefanyaje? Maswali hayo huulizwa na kujibiwa kwa Kiswahili kwa wiki nyingi, mpaka siku ya maonyesho ikaribiapo ndipo maelezo yaandikwe kwa Kiingereza juu ya ubao wa karatasi.

Ubao huo huhifadhiwa, na karatasi ya mtihani huhifadhiwa kwa muda wake. Mazungumzo yaliyoizaa karatasi hiyo hayahifadhiwi. Mtu atakaye kujua jinsi Kiswahili kinavyobeba fizikia na kemia leo, maneno gani yameshika na yapi yamekataliwa na ndimi, hatayapata maktabani. Itampasa apande daladala la Bunju mwezi wa Septemba au Oktoba, saa kumi na moja jioni, ashuke Boko, na kuketi kimya nyuma ya benchi ambalo watahiniwa wa Novemba wamelizunguka pamoja na kaka yao.